Uzi: Wanafunzi wa uuguzi, utabibu, famasia na udaktari, mnasoma sana ila tuongee namna mnavyosoma

#1 Mleta uzi

Habari za jioni wakuu, na wadogo zangu mlioko vyuoni poleni na masomo.

Mimi ni muuguzi mkunga, nafanya kazi leba kwenye hospitali moja huku Mbeya, na kila msimu wa praktiko naletewa wanafunzi niwasimamie, wa uuguzi, wa utabibu, na wale wa udaktari wakiwa kwenye rotesheni. Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo niko ofu, mvua imeng'ang'ania tangu asubuhi, nikasema acha niandike lote, ni refu mtanivumilia.

Kilichonisukuma ni binti mmoja wa mwaka wa tatu. Bidii anayo, nidhamu anayo, wodini anafika kabla ya stafu. Ana daftari ambalo ukiliona utalitamani, mwandiko umenyooka, kila kitu kimepigwa rangi, njano dozi, kijani dalili, pinki tahadhari. Siku hiyo tulikuwa na mama mwenye kifafa cha mimba, dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, alishapewa, masaa manne yakatimia, ni muda wa dozi inayofuata. Nikamuuliza taratibu kabisa, mdogo wangu, kabla hatujamchoma hii nyingine tunaangalia nini? Akanyamaza. Akatazama juu kwenye dari, midomo inacheza cheza, halafu akaniambia "sista naijua hiyo, iko ukurasa wa kulia, juu, nimeipiga rangi ya pinki."

Jamani. Anajua ukurasa, anajua upande, anajua na rangi. Jibu lenyewe hana. Na machozi yalimlenga kwa sababu alijua kabisa kwamba usiku uliopita alilisoma.

Tukaangalia pamoja pale pale kama dawa haijazidi mwilini. Tukahesabu pumzi dakika nzima bila kukisia, zinatakiwa zisipungue 16. Tukagonga goti kuona kama mguu unaruka. Tukaangalia mfuko wa mkojo, kwa masaa manne yaliyopita unatakiwa uwe umetoka angalau mililita 30 kila saa. Vyote vilikuwa sawa, tukampa dozi, na mama yule alikuja kutoka salama na mwanae. Lakini ile sentensi ya ukurasa wa kulia haijanitoka mpaka leo, kwa sababu na mimi nilikuwa hivo hivo.

Mwaka wa kwanza nilikula sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia baada ya kufeli, anatomia na famakolojia. Na sio kwamba nilikuwa mtu wa kuzurura, nilikuwa naamka saa nane usiku baridi ile ya mwezi wa saba, blanketi mabegani, nasoma desa, yaani notsi za kozi, mwanzo mpaka mwisho, nikimaliza narudia, mara nne mara tano. Nikifika mara ya tano kila mstari naufahamu, naona kabisa nimeiva. Naingia kwenye pepa, swali linaniambia taja na eleza, kichwa cheupe. Nilijiona sina akili. Tulikuwa na mwenzetu mmoja analala saa nne usiku kila siku na anapata A, sisi tukasema huyo kazaliwa na kichwa. Ilinichukua muda kugundua anachofanya, kwamba desa analisoma mara moja, analifunika na kitabu kingine, anachukua karatasi za kopi zilizoharibika anaandika upande wa nyuma kila anachokumbuka, halafu anafunua na kalamu nyekundu anajisahihisha. Ndo hicho tu. Kila siku.

Baadae nilipoenda kuongeza elimu nikakutana na tafiti zinazoelezea kitu kile kile. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kisayansi. Kundi moja likasoma vipindi vinne mfululizo, lingine likasoma kipindi kimoja tu halafu vipindi vitatu likawa linaandika linachokumbuka bila kuangalia. Wakawapima baada ya dakika tano, waliorudia kusoma wakaongoza, asilimia 83 kwa 71. Wakapima wengine baada ya wiki moja. Waliorudia kusoma wamebaki na 40, waliojitungia mtihani wako 61. Angalieni hapo vizuri. Dakika tano baada ya kusoma, njia mbovu ndo inaonekana bora, na waliorudia kusoma ndo waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Yaani inakudanganya wewe mwenyewe, saa ile ile unapofunga daftari umeridhika.

Na msiseme hao ni wanafunzi wa masomo mengine. Mwaka 2009 Larsen na wenzake walifanya kwa madaktari wa watoto na wa dharura waliokuwa bado kwenye mafunzo, mada mbili, moja wanajipima kwa maswali mara kwa mara na nyingine wanairudia kwa kuisoma. Baada ya miezi sita mada waliyojipima walipata asilimia 39, waliyoisoma tu 26. Hao ni madaktari tayari, na bado baada ya miezi sita hata mada waliyojipima haikufika nusu ya maksi. Sasa wewe uliyesoma famakolojia semista ya pili ukaja wodini mwaka wa tatu umebaki na nini kama njia yako ilikuwa kurudia desa?

Naomba tuongee. Walioko vyuoni Mbeya, Iringa, Njombe, kokote, mnasomaje kwa ukweli kabisa, na matokeo yanawaambia nini?

#2

Dada umenigusa mpaka nimefunga hii simu nikaifungua tena. Niko mwaka wa pili utabibu, Iringa. Mimi ndo huyo wa rangi. Nina hailaita nne. Sasa nikiziacha nitajuaje cha muhimu kwenye desa la kurasa mia?

#3 Mleta uzi

Mdogo wangu sikutupii hailaita zako. Mwaka 2013 Dunlosky na wenzake walikaa chini wakapitia njia kumi ambazo wanafunzi wanazipenda, kupiga rangi na kurudia kusoma vikawekwa kwenye kundi la manufaa madogo, kujipima na kusambaza masomo kwa siku tofauti vikawekwa juu kabisa. Rangi inakusaidia kuchagua, shida ni pale unapodhani ukishachagua umeshajifunza. Fanya hivi, kila ulipotaka kupiga rangi geuza iwe swali. Badala ya kupiga pinki "angalia pumzi, goti, mkojo" andika pembeni: kabla ya dozi inayofuata naangalia nini? Jibu liache ukurasa wa nyuma. Utaona desa la kurasa mia limekuwa maswali sitini, na maswali sitini yana mwisho, kurasa mia hazina.

#4

Mkuu na mimi nitoe langu. Nilimaliza diploma miaka kadhaa nyuma, nilikuwa mtu wa zimamoto, siku tatu kabla ya pepa nafunga mlango, sipokei simu, nakariri kila kitu, na nilitoka na GPA (wastani wa alama za chuo) nzuri tu hata sapu sijawahi kuiona. Msitishe watoto wa watu, kila mtu ana njia yake.

#5 Mleta uzi

Kaka nakuamini na sikupingi matokeo yako. Rudi kwenye zile namba, 83 kwa 71 baada ya dakika tano. Zimamoto ni ile dakika tano. Kama pepa ni kesho asubuhi na leo ndo unaanza, kukariri kutakuvusha, hilo liko wazi. Ila sisi kozi zetu hazina tabia ya kuisha zikiisha. Fiziolojia ya mwaka wa kwanza ndo unajengea juu yake patholojia, na patholojia ndo unaingia nayo wodini, halafu kwetu wauguzi kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga baada ya chuo kizima kuisha, pale hawakuulizi ulichosoma wiki iliyopita. Nimekutana na wanafunzi wenye GPA safi kabisa wa aina yako mwaka wa tatu wanaanza upya vitu vya mwaka wa kwanza, tena kwa uchungu, kwa sababu wanajua walishawahi kuvijua.

Naomba nikuulize kiungwana kaka, ulipoanza kazi ilikuchukua muda gani kuacha kufungua kitabu kila dozi?

#6

(Ni yule wa #4) Kwa ukweli dada, karibu mwaka. Nilikuwa nakimbilia chooni kuangalia simu. Sikuwahi kumwambia mtu.

#7 Mleta uzi

Asante kwa kusema kaka. Kuna wengi wataisoma hiyo na itawafaa kuliko maneno yangu.

#8

Me nasoma udaktari hapa hapa Mbeya mwaka wa tatu. Mimi natumia Anki, ile programu ya kadi, ipo tangu 2006 na kwenye simu za Android haina gharama, ukishapakia inafanya kazi hata bila bando. Inakuuliza, ukijibu vizuri inalisogeza swali mbele siku kadhaa, ukikosea inalirudisha. Nilichokosea mwanzo nilipakua kadi elfu kadhaa zilizotengenezwa na watu wa Marekani, nikakuta naulizwa madawa ambayo huku hatuyaoni, siku mbili sijaingia zimelundikana 600, nikakata tamaa nikafuta. Mwaka wa pili nikaanza kutengeneza zangu mwenyewe, kadi kumi na tano kwa siku sio zaidi, kutoka kwenye kipindi cha siku hiyo. Hapo ndo nikaona mabadiliko. Ile kuitengeneza kadi yenyewe ni nusu ya kusoma.

#9

Mnaongelea programu, simu yangu ni ya tochi. Nasoma uuguzi, nimepanga Ilomba, mama anauza viazi kijijini kwetu Rungwe, ada yenyewe inakuja kwa mafungu. Asubuhi napika chapati nampelekea mama mmoja mwenye genge ndo niende chuo, jioni nafua nguo za watu. Nikikaa kusoma ni saa tatu usiku na nimechoka. Halafu naambiwa nina tabia mbaya za kusoma.

#10 Mleta uzi

Mwanangu pole sana, na nakushukuru umeandika, kwa sababu hili linasahaulika kila mara. Hakuna mahali nimesema mtu aliyefeli ana tabia mbaya. Muda hatuna sawa, chakula hatuna sawa, na chuo kinachotunga ratiba kama vile kila mwanafunzi anaishi hosteli na anapikiwa nacho kina sehemu yake kwenye matokeo.

Ila nikupe moyo kwa jambo moja ambalo lina ushahidi. Plant na wenzake kule Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walichapisha mwaka 2005 kwamba idadi ya masaa peke yake haitabiri GPA. Masaa yanaanza kuwa na maana ukiweka na ubora wake, kwamba ulisoma mahali penye utulivu, na ulikuja na msingi gani. Maana yake yule wa hosteli mwenye masaa sita na simu inalia kila dakika hajakuzidi kiasi unachodhani.

Na kadi hazikuanza na simu. Mjerumani anaitwa Sebastian Leitner alieleza mfumo wa maboksi mwaka 1972, na mimi ndo ulionitoa kwenye sapu. Nilikuwa naomba wodini maboksi matupu ya glavu, yale ya karatasi, matatu. Manila moja, ile karatasi ngumu, naikata vikadi vya ukubwa wa kiganja, mbele swali, nyuma jibu. Boksi la kwanza kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu Jumapili. Kadi ukiijibu bila kusita inahama kwenda boksi linalofuata, ukikosea hata kama ilikuwa imefika la tatu inarudi la kwanza. Bila huruma. Yale maboksi yalikuwa juu ya sanduku langu la nguo, na kitu kilichonifurahisha ni kuona la kwanza linapungua na la tatu linajaa, hilo unaliona kwa macho.

Sasa kwa hali yako, kila asubuhi kabla ya chapati chomoa kadi kumi tia mfukoni. Kwenye daladala unajiuliza. Ukiwa unafua unajiuliza kwa kichwa, mkono ukikauka unatoa kadi kuhakiki. Saa tatu usiku ukiwa umechoka usianze mada mpya, jiulize hizo kumi tu halafu lala. Nitakutafutia manila, niandikie inbox.

#11

Mimi nauliza kuhusu kulala. Hapa hosteli mtu akilala saa nne anaonekana hana mpango. Wiki ya pepa tunakesha usiku kucha, baridi hii ya Mbeya tunawasha jiko la mkaa ndani tunazunguka.

#12 Mleta uzi

JIKO LA MKAA LITOKE NJE LEO HII. Samahani kwa herufi kubwa lakini nyie ni wanafunzi wa afya, kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, na mtu anayesinzia hajui kama anasinzia kwa uchovu au kwa sumu. Vaeni sweta mbili, chemsheni chai nje, gawaneni mablanketi, lakini jiko ndani ya chumba kilichofungwa hapana, hapana kabisa.

Kulala sasa. Zamani sana, mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach waliwajaribu wanafunzi wawili tu, wakijifunza orodha za silabi zisizo na maana, mara nyingine wanalala baada ya kujifunza mara nyingine wanabaki macho. Walipolala walisahau vichache kuliko walipobaki macho muda ule ule. Watu wawili ni wachache lakini tafiti nyingi zilizofuata zimekuja kukubaliana nao kwamba usingizi ndo ubongo unapanga na kukaza ulichosoma mchana. Kwaio anayekesha anasoma halafu anajinyima kile ambacho kingemhifadhia. Nimeshasimama na wanafunzi waliokesha, asubuhi kwenye oski, ule mtihani wa vitendo, mikono inatetemeka, anavaa glavu tasa anagusa shuka, anaanza upya, dakika zake zimeisha na prosija anaijua vizuri tu.

#13

Mi naamini kila mtu na aina yake, mimi ni mtu wa kusikia, nikirekodi mwalimu nikasikiliza naelewa kuliko kusoma. Wengine wa kuona. Hii ya maswali inaweza isinifae.

#14 Mleta uzi

Hilo tulifundishwa hata sisi. Lakini mwaka 2008 Pashler na wenzake waliitafuta ile nadharia kwenye tafiti zilizokuwepo, kwamba ukimfundisha mtu wa kusikia kwa kusikia atafaulu zaidi, hawakupata ushahidi wa kutosha. Unaweza kupenda kusikiliza, hakuna ubaya, ila endelea hatua moja mbele. Sikiliza dakika kumi, zima, sema kwa sauti ulichosikia, rekodi sauti yako mwenyewe kisha linganisha na ya mwalimu. Ni mtihani ule ule kwa masikio. Na mapigo ya moyo wa mtoto tumboni utayasikia, lakini fundo la kushona msamba halisikiki mwanangu, hilo utafunga kwa mikono mara thelathini.

#15

Dada suala langu ni lugha. Nimetoka shule ya kata, Kiingereza kinanipiga chenga. Nikisoma desa naelewa neno moja moja, mwishowe nakariri sentensi nzima kama ilivyo, swali likigeuzwa kidogo nimekwisha.

#16 Mleta uzi

Hapa ndo penye mzizi kwa wengi wetu wa huku nyanda za juu na sijui kwanini hapasemwi. Kukariri sentensi nzima mara nyingi sio uvivu, ni mtu ambaye hakuelewa na anaona haya kusema.

Elewa kwanza kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa nachukua mada najifanya namweleza bibi muuza ndizi pale Mwanjelwa. Kwa mfano moyo kushindwa kazi. Bibi, moyo ni pampu mbili zimeshikana. Ya kushoto inasukuma damu mwilini, ikichoka damu inarudi nyuma kwenye mapafu, ndo maana babu halali bila mito mitatu, akilala chali anaona kama anazama. Ya kulia inasukuma damu kwenda mapafuni, ikichoka damu inarudi nyuma mwilini, ndo maana miguu inavimba ukibonyeza na kidole shimo linabaki. Bibi akiuliza kwanini na ukakwama, umeshajua ni wapi hujaelewa. Ukishapita hapo ndo unatafuta maneno ya Kiingereza ya kila kipande, ni machache sana, kumi au kumi na mbili kwa mada, hayo ndo unayawekea kadi. Halafu unaandika jibu zima kwa Kiingereza chako hicho hicho chenye makosa. Swali wakiligeuza haliwezi kukupoteza kwa sababu pampu haijabadilika.

#17

Mimi ni mwalimu kwenye chuo kimoja cha afya mkoa wa Njombe, nimekuwa nasoma kimya kimya. Nataka kusema na sisi walimu tumo. Mwanafunzi anapimwa testi mbili semista nzima, atajifunzaje kujipima? Mwaka jana nilianza kitu kidogo, kila nikiingia darasani dakika kumi za kwanza ni maswali matano kwenye karatasi, mawili ya kipindi kilichopita, mawili ya wiki mbili nyuma, moja la mwezi uliopita. Hayana maksi. Wanasahihishana wenyewe. Mwanzo walininunia, walisema mwalimu anatukomoa. Kufika katikati ya semista nikawa nikisahau wananikumbusha. Na kingine, nimeanza kuona nani anazama mapema, wiki ya nne, sio baada ya matokeo kubandikwa wakati mtoto ameshakamatwa masomo matatu na ananukia kudisko, yaani kuondolewa chuo.

#18 Mleta uzi

Mwalimu Mungu akubariki, natamani matyuta wote wa kanda hii waisome hiyo. Hasa hapo pa "hayana maksi", kwa sababu mtoto akiogopa kukosea hajipimi, anaficha.

Na kwenye diskasheni pia wadogo zangu. Nyingi nilizoziona mmoja anaongea, sita wanatikisa kichwa, wanatoka wote wanadhani wameelewa. Madesa yafungwe yawekwe katikati. Kila mtu anakuja na maswali matatu aliyoyatunga. Anayejibu ni yule ambaye hajanyoosha mkono. Mkimaliza ndo mnafungua madesa kuona nani alipotea wapi.

#19

Wengine ni akili za kuzaliwa tu, tuwe wakweli. Aliyetoka na divisheni wani form six atakuzidi hata usome vipi.

#20 Mleta uzi

Msingi una nguvu, sikatai mkuu. Ila Credé na Kuncel mwaka 2008 walikusanya tafiti nyingi za wanafunzi wa vyuo wakaziweka pamoja, wakakuta tabia na ujuzi wa kusoma vinaendana na matokeo ya chuo karibu sawa na vile alama za zamani na mitihani ya kuingilia chuo vinavyoendana nayo. Na kilichonigusa zaidi, vitu hivyo viwili havikufuatana sana, yaani mwenye alama kubwa za sekondari sio lazima ndo awe na tabia nzuri ya kusoma. Ni kweli kuendana sio kusababisha, huenda anayejiamini ndo anasoma vizuri, ndo maana nilianza na yale majaribio ambapo watu waligawanywa kwa makusudi. Ukiunganisha vyote viwili, divisheni yako ya zamani huwezi kuibadilisha leo usiku. Namna ya kusoma unaweza.

#21

Sista mimi ni yule wa chapati (#9). Nina sapu ya uzazi wiki tatu zijazo. Naomba uniulize hapa hapa mbele za watu, naahidi sitaangalia daftari. Uliza lile la binti wa pinki.

#22 Mleta uzi

Haya. Mama ana kifafa cha mimba, alipewa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti saa nne asubuhi. Sasa ni saa nane mchana. Unaangalia nini kabla ya dozi inayofuata, na ukikuta pumzi zimeshuka unafanya nini? Andika kama inavyokuja, usirekebishe.

#23

Naangalia pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Nagonga goti kuona rifleksi. Naangalia presha. Ikiwa pumzi zimeshuka simpi dozi, naita msaada, nampa oksijeni na ile dawa ya kuondoa sumu... kalsiamu. Imeishia hapo.

#24 Mleta uzi

Vizuri sana kwa mtu aliyechoka. Presha tunapima kwa mama huyu kila mara lakini sio inayokuambia kama magnesiamu imezidi mwilini. Umesahau mkojo, na mkojo ndo njia inayotokea hiyo dawa, figo zikilala inabaki ndani inalundikana. Angalau mililita 30 kwa saa, masaa manne yaliyopita. Na dawa ni kalsiamu glukoneti gramu 1, kwenye mshipa, polepole, na kama hapumui unamsaidia kupumua kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono, wakati dawa inaingia. Chukua karatasi yoyote uandike kadi mbili sasa hivi, moja mkojo, moja kalsiamu. Usizisome tena leo. Kesho usiku nakuuliza.

#25

(kesho yake, saa tatu na nusu usiku) Niko hapa sista. Daftari nimempa jirani alishike.

Pumzi 16 au zaidi. Goti liruke. Mkojo usipungue mililita 30 kila saa kwa masaa manne, kwa sababu figo ndo zinaitoa. Kimoja kikikosekana sichomi. Pumzi zikishuka nasimamisha, naita msaada, oksijeni, nikiona hapumui ambu, kalsiamu glukoneti gramu 1 kwenye mshipa polepole.

#26 Mleta uzi

Zote. Peleka hizo kadi boksi la pili. Kesho usijiulize hili, wala kesho kutwa. Ijumaa nitakuja na mama mwingine, yeye ametoka kujifungua sasa hivi na kitanda kimelowa damu, uje umejiandaa kuniambia kitu cha kwanza mkono wako unagusa.